Mkataba wa miezi 12 na kiti cha Montreal

Mwaka 1896 W.E.B. Du Bois alikuwa na shahada ya uzamivu ya Harvard, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata chuoni hapo, na kabla yake alikuwa amesoma Berlin. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikamwita Philadelphia achunguze maisha ya watu weusi wa Kata ya Saba. Cheo alichopewa kilikuwa msaidizi wa sosholojia, kwa muda mfupi, bila darasa la kufundisha. Yeye na mkewe wakapanga chumba kimoja ndani ya kata hiyohiyo, akawa anabisha hodi nyumba baada ya nyumba, madodoso mkononi, hadi akafikia maelfu ya wakazi. Ripoti ilichapwa mwaka 1899, na wanasosholojia wa miji huihesabu leo kati ya misingi ya fani yao. Mwandishi wake alikuwa ameshafunga virago zamani. Muda wake ulipokwisha, hakuna aliyemwambia abaki.

Nimekuwa nikisoma matangazo ya kazi na miito ya makongamano ya utafiti wa usawa wa rangi na haki ya kijamii kwa miaka kadhaa sasa, nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa udadisi. Kila nikikutana na ile sentensi ya "mkataba wa miezi 12, unaoweza kuongezwa fedha zikipatikana", namkumbuka Du Bois na chumba chake. Soko la fursa za fani hii limejaa vizuizi vilevile ambavyo fani yenyewe huvipima kwingine. Anayetaka kujenga maisha humo alisome tangazo kama anavyosoma rejista ya wapangaji au orodha ya mishahara: fedha ni za nani, zinakoma lini, na mlango umewekwa upande gani wa jengo.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili cha ofisini kimezoea kusema "usawa" kwa mambo mawili yasiyofanana: kuwapa wote kitu kilekile, na kumpa kila mmoja kile kitakachomfikisha walipo wenzake. Hili la pili lina neno lake, insafu, ambalo limo kwenye kamusi na halina kosa lolote ila kusahauliwa. Mkanganyiko huu si wa kamusi tu. Kuhesabu ni wafanyakazi weusi wangapi wameajiriwa ni kazi moja. Kuuliza kwa nini wengi wao wanaondoka kabla ya mwaka wa tatu ni kazi nyingine, ngumu zaidi, yenye maadui zaidi. Waajiri wengi hutangaza ya pili huku mfukoni wakiwa na bajeti na uvumilivu wa ile ya kwanza.

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Ndani ya miezi michache vyuo, wakfu, hospitali na makampuni ya Marekani, na kwa kiasi fulani ya Uingereza, yalifungua vituo, nafasi na ruzuku kwa wingi ambao fani hii haikuwa imezoea. Mfano uliojadiliwa kuliko yote ni kituo cha utafiti dhidi ya ubaguzi wa rangi cha Chuo Kikuu cha Boston, kilichoanzishwa mwaka huohuo na mwanahistoria Ibram X. Kendi. Mwezi Agosti kilipokea dola milioni 10 kutoka kwa Jack Dorsey, wakati huo mkuu wa Twitter. Septemba 2023 watu karibu 20 waliachishwa kazi kwa mkupuo. Chuo kikakagua hesabu na kusema hakikuona ubadhirifu. Juni 2025 kituo kikafunga milango, na Kendi akahamia Chuo Kikuu cha Howard.

Wapinzani wa Kendi walishangilia, na baadhi ya marafiki walijitenga kimyakimya. Mimi habari iliyonikaa ni ya wale 20. Mwanzilishi mwenye jina hakosi pa kwenda. Mtakwimu aliyehama mji akidhani kituo chenye mamilioni ni mahali pa kuzeekea, huyo anaondoka na mistari miwili kwenye wasifu wake na mradi usiokamilika. Ngoma ikivuma sana hupasuka, nasi tulikuwa tunaisikia ikivuma. Fedha za mwaka wa hasira huja nyingi, huja mara moja, na hufungwa kwa mtu mmoja. Hakuna kati ya sifa hizo tatu inayojenga ajira.

Kisha serikali ikaingia. Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kufuta programu za usawa na ujumuishi katika serikali kuu ya Marekani, na kesho yake akatia nyingine iliyowagusa wakandarasi na wapokeaji wa ruzuku. Miezi iliyofuata Taasisi za Taifa za Afya, NIH, na Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, zilikatisha mamia ya ruzuku, nyingi zikiwa zimebeba maneno kama rangi, jinsia au tofauti za kiafya kwenye vichwa vyake. Jaji mmoja wa Massachusetts aliamua mwezi Juni kwamba ukatishaji wa NIH ulikuwa kinyume cha sheria. Agosti 21 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaruhusu ruzuku za takriban dola milioni 783 ziendelee kusimamishwa wakati kesi ikisubiri. Kwenye maabara hayo yote yalitafsiriwa kuwa barua pepe moja: kuanzia leo usitumie senti nyingine.

Linganisha na Brazili. Mwaka 2012 bunge la huko lilipitisha sheria inayotenga nusu ya nafasi za masomo katika vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma shule za umma, na ndani ya nusu hiyo kuna mgao wa weusi, machotara na wenyeji asilia kulingana na idadi yao katika kila jimbo. Mwaka 2014 sheria nyingine ikatenga asilimia 20 ya ajira za serikali kuu kwa weusi na machotara, na mwaka 2025 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 30, safari hii kikijumuisha wenyeji asilia na watu wa jamii za quilombo, yaani vijiji vya wazao wa watumwa waliotoroka. Nafasi za uhadhiri katika vyuo vya shirikisho ni ajira za serikali, kwa hiyo zimo. Sheria hizo zina mianya, na vyuo vimekuwa mabingwa wa kutangaza nafasi mojamoja ili mgao usifanye kazi. Hata hivyo, jumuiya ya watafiti weusi ya Brazili, ABPN, iliyozaliwa mwaka 2000 pamoja na kongamano lake la kwanza mjini Recife, haiishi kwa kusubiri tajiri mmoja aguswe moyoni na taarifa ya habari. Wanachama wake wengi wana mishahara ya umma. Hapo ndipo tofauti ya sadaka na sheria inapoonekana: sadaka hubadilisha mwelekeo ndani ya msimu mmoja, sheria hulazimisha adui yako akafanye kazi ya kuifuta.

Lakini tuseme fedha zipo na maombi yamefunguliwa. Nani anapata? Hapa kuna utafiti ambao ningependa kila mwombaji ausome kabla ya kujilaumu. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapa uchambuzi wa maombi ya ruzuku za NIH ulioongozwa na mchumi Donna Ginther. Hata baada ya kuzingatia elimu, machapisho na rekodi ya mafunzo, mtafiti mweusi alikuwa nyuma ya mweupe kwa takriban pointi 10 za asilimia katika uwezekano wa kufadhiliwa. Mwaka 2019 uchambuzi mwingine, wa NIH yenyewe, ulitafuta pengo linatokea hatua gani. Sehemu yake, zaidi ya moja ya tano, ilielezwa na mada. Watafiti weusi walipendekeza zaidi utafiti wa jamii, wa tofauti za kiafya, wa kwenda kwa watu na kuwasikiliza, na mada hizo zilipata fedha kidogo kuliko seli na molekuli. Uchambuzi uliofuata ukaongeza kwamba mada hizo huangukia zaidi kwenye taasisi za ndani ya NIH ambazo kiwango chao cha kufadhili ni kidogo. Maana yake, kikombe chenyewe ni kidogo kabla hujakinga.

Matokeo haya yananigusa kuliko yale ya ubaguzi wa waziwazi. Mwamuzi anayesoma andiko la mradi anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Anasema tu kwamba swali hili "si la msingi", au kwamba mbinu "haijakomaa", na hakuna kamati itakayomwita mbaguzi. Na uamuzi wa swali gani ni la msingi umekuwa na rangi kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Shirika la Carnegie lilipotaka utafiti mkubwa kuhusu watu weusi wa Marekani, lilimpa uongozi mchumi wa Kiswidi, Gunnar Myrdal, kwa hoja kwamba mtu wa nje angetazama bila upendeleo. Wasomi weusi, akiwemo mwanasayansi ya siasa Ralph Bunche, waliajiriwa chini yake. Du Bois alikuwa ameitafiti mada hiyo kwa miaka 40. Ujuzi wa karibu ulihesabiwa kuwa upendeleo, na umbali ukahesabiwa kuwa sifa. Nimeona hoja hiyohiyo ikivaa nguo mpya kwenye maoni ya waamuzi: "mwombaji yuko karibu mno na kundi analolichunguza." Sijawahi kuona maoni hayo yakiandikwa kumhusu mtu anayechunguza wakulima wa kijiji alichozaliwa Bavaria.

Basi kazi ziko wapi? Jibu langu litawaudhi wanaotafuta tangazo lenye neno "usawa" kwenye kichwa. Kazi zinazodumu mara nyingi hazina neno hilo.

Chukua hospitali. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walionyesha katika New England Journal of Medicine kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kilikuwa kila wodi, katikati ya janga la korona. Au chukua figo. Kwa miaka mingi kanuni ya kukadiria utendaji wa figo ilikuwa na kiongezo cha watu weusi, kilichofanya figo zao zionekane nzima kuliko zilivyo. Mwaka 2021 wataalamu wa figo wa Marekani walipendekeza kiongezo kiondolewe, na mwaka 2023 mtandao wa taifa wa upandikizaji ukaziamuru hospitali ziwarudishie wagonjwa weusi muda wa foleni walioupoteza kwa sababu ya hesabu hiyo. Maelfu ya watu walisogezwa mbele kwenye foleni ya figo. Kazi ya aina hiyo ilihitaji watakwimu, madaktari bingwa, wachambuzi wa ubora wa huduma, na mtu wa teknolojia ya habari aliyejua safu ipi ya data ifutwe. Sidhani kama wengi wao wana kadi ya kazi inayosema "mtafiti wa usawa wa rangi".

Hivyo ndivyo ilivyo pia katika nyumba, mikopo, bima, sheria ya ajira na akili unde. Mwaka 2018 watafiti wa akili unde Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa sura na kukuta makosa ya hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kwa wanaume weupe makosa yakiwa chini ya asilimia 1. Kazi hiyo ilifungua ajira katika kampuni kubwa, na kampuni kubwa zikaonyesha mipaka yake. Desemba 2020 Gebru aliondoka Google katika mzozo juu ya makala ya kitafiti. Yeye anasema alifukuzwa, kampuni ikasema alijiuzulu. Mwaka mmoja baadaye alianzisha taasisi yake ya utafiti wa akili unde, DAIR. Kwa hiyo hata mlango wa pembeni una bawabu. Ila mtu mwenye ujuzi wa takwimu za afya au uchumi wa nyumba akifukuzwa huku, ana mahali pengine pa kuupeleka ujuzi wake. Mwenye cheo tu hana.

Nchi nayo ina maana. Uingereza imeuliza kabila na asili kwenye sensa tangu 1991, na Marekani imehesabu watu kwa rangi tangu sensa yake ya kwanza ya 1790, mwanzoni kwa sababu za aibu. Ufaransa, kinyume chake, Baraza la Katiba liliamua Novemba 2007 kwamba takwimu haziwezi kujengwa juu ya asili ya kikabila au rangi. Mtafiti wa huko anapima kwa kuzungukia: nchi walikozaliwa wazazi, jina la ukoo, au kutuma wasifu wa watu wa kubuni kwa waajiri na kuhesabu nani anaitwa. Anayehamisha kazi yake kutoka nchi moja kwenda nyingine ajue kwamba nusu ya mbinu zake zinaweza kubaki mpakani.

Nimetaja wasifu wa kubuni. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu wasifu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, na mwaka 2004 wakachapa matokeo: majina yanayosikika ya Kizungu yaliitwa kwa usaili kwa kiwango cha asilimia 50 zaidi kuliko majina yanayosikika ya watu weusi, sifa zikiwa zilezile. Mwanasosholojia Devah Pager, huko Milwaukee, alituma vijana halisi kuomba kazi. Mzungu mwenye rekodi ya jela aliitwa kwa asilimia 17, mweusi asiye na rekodi yoyote kwa asilimia 14. Tafiti hizi hufundishwa katika kozi zetu zote. Halafu idara hizohizo zinatangaza nafasi, zinapokea wasifu wenye majina juu na picha pembeni, zinataka barua tatu kutoka kwa wadhamini mashuhuri, na zinaunda kamati ya watu waliotoka vyuo vilevile vitano. Sijui idara nyingi zilizojaribu kipimo hicho kwenye mlango wao wenyewe.

Na ukishaingia, kuna kazi ya ziada isiyo na malipo. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla aliiita kodi ya utamaduni: mhadhiri pekee mweusi au Mlatino wa idara anakalishwa kwenye kila kamati ya ujumuishi, anasikiliza kila mwanafunzi aliyeumizwa, anapigwa picha ya kipeperushi, na mwisho wa mwaka anaulizwa machapisho yako wapi. Kabla ya kusaini, uliza waliotangulia kwenye nafasi hiyo walikaa muda gani. Jibu likija na kigugumizi, umeshajibiwa.

Sasa makongamano, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nikae kuandika.

Du Bois alipotoka Philadelphia alikwenda Chuo Kikuu cha Atlanta na kukabidhiwa mikutano ya kila mwaka iliyokuwa imeanza 1896. Utaratibu ulikuwa wa kichapakazi: kila mwaka mada moja, biashara, shule za msingi, mafundi, kanisa, uhalifu, data ikusanywe, watu wakutane waijadili, ripoti ichapwe. Aliyehudhuria alirudi na kitu mkononi. Mengi ya leo yamegeuza mpangilio huo. Ada ya usajili hulipwa kwanza, jopo la watu watano hupewa dakika 75, mwenyekiti hula 20, na swali la maana huulizwa chakula cha mchana kimeshapoa.

Hata hivyo watu wanaendelea kwenda, na wana sababu. Ajira za fani hii husambaa kwa maneno ya koridoni muda mrefu kabla ya tangazo. Anayekosa koridoni anakosa taarifa. Ndiyo maana swali la nani anafika kwenye ukumbi ni swali la ajira, na mji mmoja umelisimulia swali hilo mara nyingi kuliko mingine: Montreal.

Oktoba 1968 ulikutana huko, katika Chuo Kikuu cha McGill, Mkutano wa Waandishi Weusi. Mwanahistoria wa Trinidad C.L.R. James alikuwepo, mwanaharakati wa Black Power Stokely Carmichael alikuwepo, na alikuwepo mhadhiri kijana wa historia, Mguyana aliyefundisha Jamaika, aitwaye Walter Rodney. Ndege yake ilipotua Kingston tarehe 15, serikali ya Jamaika ilimzuia kushuka. Kwenda kongamano kukamgharimu kazi. Wanafunzi waliandamana kesho yake, mji ukawaka. Miezi miwili nyuma, Afrika Kusini, Archie Mafeje alikuwa amenyang'anywa uhadhiri wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Cape Town kabla hajauanza, kwa shinikizo la serikali ya makaburu, na wanafunzi mamia walikalia jengo la utawala kwa siku tisa. Chuo kiliomba radhi rasmi mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Mafeje kufa. Wote wawili, Rodney na Mafeje, walipokewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisemi hivyo kwa majigambo. Nasema kwamba wakati huo palikuwa na mahali pa tatu, chuo cha umma kilichokuwa tayari kumlipa mshahara mtu aliyefukuzwa na wengine kwa sababu ya rangi au fikra zake, na sioni mahali pengi pa namna hiyo leo.

Oktoba 1969, Montreal tena. Jumuiya ya Masomo ya Afrika ya Marekani ilikuwa inakutana, na wasomi weusi wakapanda jukwaani na kusimamisha vikao. Walitaka nusu ya viti vya bodi. Walihoji inakuwaje ujuzi kuhusu Afrika utawaliwe na watu ambao karibu wote ni weupe. Walikataliwa, na wengi wakaondoka kuimarisha jumuiya yao wenyewe iliyoongozwa na mwanahistoria John Henrik Clarke.

Kisha Desemba 2018. Kongamano kubwa la akili unde, NeurIPS, lilikuwa Montreal, na ndani yake warsha ya Black in AI, mtandao wa watafiti weusi wa akili unde. Washiriki wengi kutoka Afrika walinyimwa viza na Kanada. Na Julai 2022 Kongamano la Kimataifa la UKIMWI likakutana mjini humo. Bara linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote wa ugonjwa huo lilikuwa na wajumbe waliokaa nyumbani kwa kukosa viza, wakiwemo waliokuwa na mada za kuwasilisha, na siku ya ufunguzi waandamanaji walipanda jukwaani kulisema. Katika zama za Rodney mjumbe mweusi alifika ukumbini na kuadhibiwa baadaye. Sasa anaadhibiwa kabla, kwa fomu, na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu ofisa wa ubalozi hatakiwi kueleza mengi zaidi ya kwamba hakuridhika kuwa utarudi kwenu.

Watu wa akili unde, tuwape haki yao, walijaribu kutibu hilo. Kongamano lao lingine, ICLR, lilipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, sababu mojawapo ikiwa viza. Korona ikalihamishia mtandaoni, na mwaka 2023 likafanyika Kigali. Wanaochunguza usawa wa rangi kama kazi yao ya kila siku wangetegemewa kuwa mbele katika jambo hili. Kalenda zao bado zimejaa miji ya Marekani na Ulaya.

Ushauri wangu wa kivitendo ni mfupi. Viza ya Schengen inagharimu euro 90 na hairudishwi ukikataliwa, kwa hiyo muulize mwandaaji mapema atafanya nini ukinyimwa: atarudisha ada, atakuruhusu kuwasilisha kwa video, jina lako litabaki kwenye programu? Mwandaaji makini ana jibu tayari. Omba ufadhili wa nauli siku ileile unayotuma ikisiri, kwa sababu mfuko huo huisha kwanza. Na ujihadhari na barua pepe inayokuita "Mheshimiwa Profesa" ikikualika kutoa hotuba kuu katika mji wa kitalii. Machi 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa udanganyifu katika majarida na makongamano, ikiwemo kutangaza wasemaji ambao hawakuwa wamekubali kuja. Wanaonaswa zaidi na mitego hiyo ni wasomi wachanga kutoka vyuo visivyo na fedha, waliokwisha kukataliwa na makongamano yenye majina.

Napenda pia mikutano midogo ambayo haimo kwenye orodha za fursa kabisa: semina ya siku mbili ya watu 30, data zikiwa mezani, na mwakilishi wa chama cha wapangaji au wauguzi akiwa na haki ya kusema "hapo mmekosea". Hakuna begi la zawadi. Mara nyingi hakuna hata tovuti.

Na kuna habari ya London, ambayo huwasimulia wanaoniuliza kama inafaa kukubali kazi katika taasisi inayolipwa na matajiri. Taasisi ya Mahusiano ya Rangi ilianzishwa kuwa chombo huru mwaka 1958, ikiwa na makao mazuri Jermyn Street na wafadhili kutoka makampuni na wakfu mkubwa. Mwaka 1964 iliajiri mkutubi kutoka Sri Lanka, A. Sivanandan, ambaye alikuwa ameikimbia nchi yake baada ya machafuko ya kikabila ya 1958. Wafanyakazi walianza kuhoji utafiti ule ulimtumikia nani: waliokuwa wakichunguzwa au waliokuwa wakiwatawala. Mwaka 1972 baraza la uongozi lilitaka kuwanyamazisha, suala likafika kwenye mkutano mkuu wa wanachama, na wanachama wakapiga kura upande wa wafanyakazi. Baraza likajiuzulu. Wafadhili nao wakaondoka, karibu wote. Taasisi ikahamia jengo la hali ya chini Pentonville Road, na mkutubi akawa mkurugenzi. Mwaka 1974 jarida lao, Race, likapewa jina jipya, Race & Class. Sivanandan alifariki Januari 2018. Jarida bado linatoka, mara nne kwa mwaka.